Jina la Kumi na Moja

Inspekta Josepha Nandonde aliuweka mfuko juu ya meza ya fundi Nassibu, akaunyoosha kwa kiganja mpaka maandishi yakasomeka.

"Wako huu?"

Fundi alizima cherehani yake ya kudarizi, akavua miwani. Duka lake pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, lilikuwa na upana wa mlango mmoja tu. Mataulo na mablanketi ya watoto wachanga yalining'inia mpaka darini, kila moja na jina lake, kwa uzi mwekundu, wa kijani, wa dhahabu. Ukutani kulikuwa na kibao: SETI YA MTOTO – TAULO, BLANKETI, KOFIA.

"Wangu, afande. Si unaona jina langu na namba ya simu. Kuna nini?"

"Umeanza lini kuitumia mifuko hii?"

"Jumamosi. Ile ya zamani ilikuwa na namba niliyoifunga. Hii nimeletewa Jumamosi mchana, hata robo haijaisha."

"Jumamosi mchana," Josepha alimwambia msaidizi wake. "Andika."

Koplo Elibariki Swai aliandika. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na sita, aliyebakiza miaka minne astaafu, na aliandika kama anavyotembea: polepole, bila kufuta.

Mfuko ule ndio kitu pekee walichokuwa nacho. Jana yake, Jumanne saa saba mchana, mama mmoja aitwaye Shamsa alitoka kwenda kuoga katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya binafsi, Ilala. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume alfajiri ya Jumapili. Tangu jioni ya siku hiyo kulikuwa na mwanamke aliyekuja kila muda wa kuona wagonjwa, akisema ana ndugu wodi ya jirani. Mpole, mwenye barakoa, alimletea Shamsa uji wa ulezi. Shamsa alimwomba amwangalizie mtoto dakika tano. Aliporudi, mgeni hayupo, mtoto hayupo, na mfuko mtupu ulikuwa umeanguka chini ya kitanda. Mlinzi wa getini hakushtuka. Mwanamke anayetoka na mtoto mchanga katika hospitali ya wazazi hasimamishwi na mtu.

Shamsa alikuwa ameeleza jambo moja zaidi, na Josepha alilipigia mstari mara mbili: kila mtoto alipolia, blauzi ya yule mgeni ililowa kifuani. Alikuwa na maziwa. Alikuwa amejifungua siku si nyingi, na hakuwa na mtoto.

Daktari naye alieleza lake. Mtoto alizaliwa na maambukizi kwenye damu. Aliwekewa kanula, kile kibomba cha kupitishia dawa mshipani, mkono wa kushoto, achomwe sindano kila baada ya saa kumi na mbili. Ya jana jioni ameikosa. Ya leo asubuhi ameikosa. "Akikosa na ya leo jioni," daktari alisema, "mimi siahidi kitu."

Sasa ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.

"Watu wangapi wamechukua kazi zao hapa toka Jumamosi mchana mpaka jana saa sita?" Josepha aliuliza.

Fundi Nassibu alivuta daftari la shule lililokunjika pembe, akahesabu kwa ncha ya mkasi. "Kumi na mmoja."

"Una uhakika?"

"Daftari hili ndilo kichwa changu. Kila mteja namwambia, andika jina mwenyewe, kwa mkono wako. Mimi natia rangi ya uzi na namba ya simu, basi. Zamani nilikuwa naandika mimi. Mtu anasema Rita, natia Rita, kumbe kwao lina h katikati. Taulo linarudi, hasara yangu."

Josepha alipiga picha ukurasa kwa simu yake, kisha akaupitia kwa kalamu.

"Wa kike watano, waache. Wa kiume Lucky, Filbert, Brayton, Elia, Khalfani. Na mmoja kachukua seti, uzi wa buluu." Alifunga daftari. Fundi alifungua mdomo aseme neno, lakini mteja aliingia akiuliza bei ya kofia, akageukia biashara yake.

"Mwanamke huyu alitengeneza blanketi kabla ya kuiba mtoto," Josepha alimwambia koplo. "Maana yake alishampa jina kabla hajambeba. Limo humu."

"Yote ni majina ya watoto, afande. Utajuaje la mwizi?"

"Jina lina sababu. Chukua lako. Eli ni Mungu kwa Kiebrania, bariki ni Kiswahili chetu. Anayeunganisha namna hiyo mara nyingi ni Mlutheri wa Kilimanjaro au Meru, na alikuwa na jambo la kushukuru. Wewe ulizaliwa baada ya nini?"

Koplo alicheka kidogo. "Baada ya dada sita."

"Umeona? Mimi, baba yangu kule Ndanda alishaweka tayari Yosefu. Nilipotokea mimi, masista wakatia a mwishoni, kazi ikaisha." Alifungua simu, akagusa picha kwa ukucha. "Filbert hawa wengi ni wa kwetu kusini, tuliachiwa na wamisionari wa Kijerumani. Ukimkuta Filbert mchanga, mtafute babu yake Filbert. Brayton wazazi wamelisikia kwenye runinga, limewapendeza masikioni. Lucky ni mtu aliyeponea chupuchupu. Lakini huyu..." Ukucha ulisimama. "Khalfani. La Kiarabu. Ni yule anayekuja nyuma ya mwenzake akashika nafasi yake. Mwanamke aliyefiwa na mtoto akachukua wa mwenzake, utashangaa akimwita Khalfani?"

"Sitashangaa."

Josepha aliwapigia askari wake wawili, akawagawia majina manne wayafuatilie nyumba kwa nyumba. Kisha akapiga mwenyewe namba iliyoandikwa mbele ya Khalfani.

"Habari za asubuhi, mama. Napiga kuhusu blanketi la Khalfani."

Sauti ya mwanamke ilijibu chini chini: "Nani kakutuma?"

"Naomba tu kujua..."

Simu ilikatwa. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Koplo alikuwa ameshasimama. Fundi, bila kuinua uso kwenye kofia, alisema, "Bi Mwanaidi huyo. Anauza vitumbua Ilala, karibu na Bungoni. Ukiuliza utaoneshwa."

* * *

Walioneshwa. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, na mlangoni alisimama mwanamke mnene wa miaka sitini, amefunga kanga kiunoni kama anayesubiri ugomvi.

"Shikamoo, mama," Josepha alisema.

"Marahaba. Kama mmetumwa na upande wa baba yake, rudini mlikotoka."

"Tumetumwa na serikali." Alionesha kitambulisho. "Mimi ni Inspekta Josepha, huyu ni Koplo Elibariki. Tunaomba kumwona Khalfani."

Bi Mwanaidi alikitazama kitambulisho pande zote mbili. "Wamefika mpaka polisi?" alisema. "Kwa ajili ya jina?"

"Jina lina tatizo gani?"

"Tatizo ni lao. Khalfani ni mume wangu, Mungu amrehemu, kafa mwaka jana. Kaacha nafasi, mjukuu kaishika. Wao wanataka Rajabu, eti kazaliwa mwezi wa Rajabu. Kwani mwezi ndio uliomzaa? Nikaona nikishalidarizi, nani atafumua? Leo unanipigia simu unaulizia blanketi, nikajua shangazi mtu kashasikia."

Ndani, mama wa mtoto, binti aitwaye Mboni, alikuwa amekaa kitandani akijizuia kucheka. Josepha aliomba mtoto afunguliwe. Kitovu kilishaanguka na kukauka. Mikono yote miwili ilikuwa safi, haina alama hata ya kuumwa na mbu. Koplo alisoma kadi ya kliniki: siku kumi na tisa.

"Si yeye," Josepha alisema. Alimfunika mtoto mwenyewe. "Mama, utuwie radhi. Kuna mtoto mwingine ameibwa, ndiye tunayemtafuta."

Ugomvi ulimtoka Bi Mwanaidi usoni. "Ameibwa? Wa siku ngapi?"

"Wa nne leo."

"Basi mnakaa hapa kufanya nini? Nendeni!"

* * *

Kwenye gari, koplo akiendesha, taarifa zilianza kuingia kwa simu, moja baada ya nyingine. Lucky ana miezi mitatu, yuko na mama yake. Filbert yuko Buguruni, ana wiki mbili, karatasi zote zipo, na babu yake kweli ni Filbert. Blanketi la Elia lilipelekwa Moshi kwa basi siku ya Jumatatu. Brayton ametimiza mwaka, taulo lilikuwa zawadi yake.

Saa ilikuwa saba na nusu.

"Basi daftari limeisha, afande," Koplo Elibariki alisema.

"Fundi alisema watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wa kike watano. Wa kiume watano."

"Na wa seti."

Josepha alifungua ile picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili. Mwandiko wa fundi ulikuwa mdogo, umelalia kulia: *nyekundu*, *kijani*, *buluu*. Mwanzoni mwa kila mstari palikuwa na mkono mwingine, kila mteja na wake. Kwenye mstari ule pia. Herufi nne kubwa, zimesimama wima, zimeandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka ikatoboa karatasi.

"Fundi katuambia anaandika nini yeye?"

"Rangi na namba ya simu."

"Basi. Haandiki kazi. Neno la kwanza kila mstari ni la mteja." Alimpa simu. "Soma hilo kama jina la mtu."

Koplo aliisogeza simu mbali na macho yake ya uzee. "Seti," alisoma. Kisha akaegesha gari pembeni kabisa, dereva wa nyuma akampigia honi. "Sethi. Afande, wengine huliandika na h, wengine hawatii. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka kumi, nawezaje kuliruka?"

"Mimi ndiye niliyeliruka. Nilisoma kibao cha ukutani badala ya daftari. Maana yake?"

"Kiebrania hicho. Aliyewekwa mahali pa mwingine. Ndiye mtoto aliyezaliwa baada ya kaka yake kuuawa shambani. Mama yao alisema, Mungu amenipa huyu badala ya yule."

"Maana ileile, lugha nyingine," Josepha alisema. "Tulikuwa sahihi, tukagonga mlango wa jirani."

Alimpigia fundi Nassibu.

"Seti, uzi wa buluu. Nani?"

"Aa, huyo ni mke wa Theophil wa mapazia, duka la tatu kutoka kwangu. Nice. Alikuwa na mimba kubwa, kajifungua juzi juzi. Namba sikuandika, mtu wa karibu ya nini? Nilitaka kukwambia, ukawa umeshafunga daftari."

"Aliagiza lini?"

"Jumatatu asubuhi. Kachukua jana, kama saa nne hivi."

"Anakaa wapi?"

"Mchafukoge. Jengo lenye duka la dawa chini, ghorofa ya tatu. Ila Theo hayupo, yuko China kafuata mzigo, anarudi Jumamosi."

"Fundi, usimpigie mtu yeyote simu."

"Afande, mimi hapa nina sindano na uzi tu."

* * *

Josepha hakupanda peke yake. Alimwita askari wa kike aitwaye Ritha, na muuguzi wa zamu kutoka hospitali alisubiri chini kwenye gari, na dawa kwenye kisanduku cha barafu. Saa nane na dakika ishirini alibisha hodi mlango wa ghorofa ya tatu.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele amezifunga kwa kitambaa, macho yake ni ya mtu asiyelala. Nyumba ilikuwa imefagiliwa na kupigwa deki. Kwenye kochi, katikati ya mito miwili, alilala mtoto ndani ya blanketi jeupe. SETI, kwa buluu.

"Karibuni," alisema. Hakuuliza ni akina nani. Josepha alijitambulisha hivyo hivyo.

"Hongera ya mtoto, dada Nice."

"Asante."

"Wa lini?"

"Wiki iliyopita. Jumatatu."

"Naomba kadi yake."

Nice alienda chumbani, akarudi na kadi. Ilikuwa kadi ya kweli, jina lake, picha yake. Mahudhurio yalijazwa mpaka mwezi wa nane wa mimba. Ukurasa wa kujifungua ulikuwa mtupu.

"Hawakuujaza?"

"Walikuwa na wagonjwa wengi."

"Nani kampa mtoto jina?"

"Mimi."

"Baba yake kalipokeaje?"

"Hajui. Nataka nimshtukize."

"Kwa nini Seti?"

"Nimelipenda tu."

Josepha alikaa kwenye kiti kilichotazamana na kochi. Sauti yake haikuwa na haraka, ingawa saa ilikuwa ukutani mbele yake.

"Dada Nice, yapo majina ya kupenda tu. Leo asubuhi nimekutana na Brayton, hilo ni la kupenda tu. Hili la kwako lina swali ndani yake. Seti yuko mahali pa nani?"

Nice alilitazama blanketi. Chini barabarani muuza maji alipita akigonga chupa.

"Hulazimiki kunijibu. Naomba nione mkono wake wa kushoto."

"Nimemvisha soksi mikononi. Ana kucha, anajikwaruza."

"Nitamvua taratibu."

Alimvua. Mgongoni mwa kiganja, mahali ngozi ilipo laini kabisa, palikuwa na tundu dogo lenye wekundu, limezungukwa na alama ya plasta iliyobanduliwa. Alifungua kanga ya tumboni. Kibanio cha kitovu kilikuwa bado kipo, cha njano, aina ileile aliyooneshwa hospitalini. Na tumbo la mtoto lilikuwa la moto chini ya vidole vyake.

"Hapa palikuwa na kanula," Josepha alisema. "Uliitoa wewe?"

"Ilikuwa inamuumiza."

"Ilikuwa inamtibu. Mtoto huyu ana maambukizi kwenye damu. Anatakiwa sindano asubuhi na jioni. Toka umchukue amekosa mbili. Unamwona anavyochemka?"

Nice aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Sindano? Nilidhani ni joto. Usiku kucha namfuta kwa kitambaa cha maji, nasema ni joto hili la Januari." Alipiga magoti mbele ya kochi, akamnyanyua mtoto na blanketi lake, akamweka mikononi mwa Josepha kabla hajaombwa. "Mpeleke. Afande, mpeleke sasa hivi, mimi nitakuja nyuma."

"Muuguzi yuko chini. Koplo!"

Koplo Elibariki, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alishuka ghorofa tatu na mtoto kifuani kama aliyebeba chungu kilichojaa.

Josepha alibaki amesimama. "Nice Massawe, uko chini ya ulinzi kwa kosa la kuiba mtoto. Vaa viatu."

* * *

Saa tisa kasoro dakika kumi mtoto alikuwa na kanula mpya, safari hii mkono wa kulia. Shamsa hakuhitaji kuoneshwa alama yoyote. Alimshika nyuma ya kichwa, akamnusa, akakaa. Daktari alisikiliza kifua muda mrefu, kisha akamwambia Josepha kwamba wamewahi, ila mtoto asitoke wodini mpaka siku kumi zipite.

Josepha alikuwa anaondoka Shamsa alipomwita.

"Alikuwa anamnyonyesha?"

"Ndiyo."

Shamsa alifikiri kidogo. "Ndiyo maana hajakonda," alisema. "Lakini mfungeni."

* * *

Maelezo ya onyo yalianza kituoni saa kumi alasiri. Josepha alimsomea Nice haki zake: kwamba anaweza kunyamaza, kwamba anaweza kumwita wakili au ndugu. Nice alisema ataeleza, na hataki mtu.

Alieleza kwa mpangilio, kama aliyekuwa akijisimulia kila siku. Alikwenda hospitali ile Jumapili kupimwa kidonda cha uzazi. Alipita mbele ya wodi, mlango ulikuwa wazi, akamwona Shamsa na mtoto. Alirudi jioni. Jumatatu aliagiza blanketi.

"Sasa nakuuliza jambo ambalo lazima niliulize," Josepha alisema. "Ulikuwa na mimba yako. Mtoto wako yuko wapi?"

Nice alifungua mkoba wake, uliokuwa umeshapekuliwa na kurudishwa mezani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya hospitali nyingine. Mtoto wa kiume. Miezi minane. Amezaliwa mfu. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Mahali pa jina la mtoto palipigwa mstari.

Koplo, aliyekuwa akiandika pembeni, aliweka kalamu chini, akaichukua tena.

"Mumeo anajua?"

"Theo alipiga siku ileile. Nilikuwa bado kitandani. Akasema, vipi, tayari? Nikasema tayari. Akapiga kelele huko aliko, wenzake wakawa wanapiga makofi. Nikashindwa. Kesho yake nikashindwa tena. Baadaye akaanza kuomba picha."

"Mlishachagua jina?"

"Athanas. Padri wetu kule Kibosho alituambia ni la Kigiriki, maana yake asiyekufa. Theo akasema hilo hilo."

Josepha aliegemea mbele. Jambo hili lilikuwa limemkaa kichwani tangu Mchafukoge. "Mumeo anamsubiri Athanas. Ungemwita huyu Athanas, hakuna ambaye angeuliza kitu. Fundi angedarizi, mimi ningelisoma nikalipita kama majina mengine. Kwa nini ukaandika Seti?"

"Athanas lina mwenyewe," Nice alisema.

Simu yake ilikuwa mezani ndani ya bahasha ya vielelezo. Ilianza kutetemeka. Kwenye kioo palisomeka: Theo. Iliita mpaka ikakatika, ikaanza tena.

"Atapiga mpaka asubuhi," Nice alisema. "Naomba uongee naye wewe, afande. Wewe unajua kusema."

"Sitasema mimi. Nitakaa hapa." Josepha aliitoa simu, akaangalia saa, akamwambia koplo aandike: saa kumi na moja kamili, mtuhumiwa amepokea simu ya mumewe mbele ya askari. Akabonyeza spika.

"Nice! Mama, mbona hupokei? Mzigo umeshapakiwa wote, nimepata na kigari cha kumsukumia, kinakunjwa kama mwavuli. Athanas hajambo?"

"Theo, umekaa?"

"Nimesimama, niko stoo. Kuna nini?"

"Kaa."

Ilisikika kreti ikiburutwa.

"Athanas alifariki," Nice alisema. "Alizaliwa ameshafariki. Wiki tatu zilizopita, siku ile uliyopiga. Sikuweza kukwambia. Nimefanya jambo baya, niko polisi, watakueleza. Lakini hilo nataka ulisikie kwangu."

Upande wa pili palikuwa na sauti za watu wakipakia mizigo, na mtu akiita kwa Kichina.

"Umemzika?" Theophil aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka, si ya mtu yule aliyepiga.

"Nimemzika. Nilienda na mchimba kaburi, basi."

"Kuna nini pale?"

"Hakuna kitu. Nimeweka jiwe."

"Nabadilisha tiketi," Theophil alisema. "Nakuja kesho. Nice, unanisikia? Nikifika nitaanzia hapo polisi. Halafu nitaenda pale kwenye jiwe, nitaandika jina lake. Athanas Theophil Massawe. Hata kama watakuzuia kuja, nitaandika."

Nice alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba anaonekana. Machozi yalikuwa yameanza na hakuyafuta. "Andika," alisema.

Simu ilikatika. Josepha aliirudisha kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akatia saini juu yake.

"Saa kumi na moja na dakika sita," alimwambia koplo. Kisha akavuta karatasi za maelezo upande wake, akatafuta mstari uliosema *mtoto wa mtuhumiwa, marehemu*, na mbele yake, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika: *aitwaye Athanas*.